Darasa Lililojibu kwa Sauti Moja

Walimu wenzake walimwita Kengele, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilimstahili. Darasa lake lilikuwa mwisho kabisa wa jengo, jirani na matanki ya maji, lakini likijibu, hata mlinzi wa getini alijua leo wanasoma nini. Kengele angeweka kiganja sikioni, ainamishe kichwa upande, aanze: "Nusu na robo, kubwa ni nu...?" Na darasa zima lingemalizia: "...suuu!" Vioo vya madirisha vikatetemeka. Kisha angeuliza kama wameelewa, na jibu lake unalijua, maana nawe ulipita shule. Hakuna mtoto aliyewahi kujibu hapana. Angeanzia wapi?

Kila mkaguzi aliyefika pale alipelekwa kwanza kwenye darasa la Kengele, akasimama mlangoni, akasikia, akatikisa kichwa kwa furaha, akaenda zake kunywa chai. Hakuna aliyeingia. Kwa nini aingie, na alichokifuata alikisikia akiwa nje?

Katika darasa hilo alikuwamo binti wa marehemu mdogo wake, mtoto mkimya, mwembamba, ambaye nyumbani na shuleni aliitwa Kadogo. Mama yake alipokuwa hoi kitandani hospitalini alimshika Kengele mkono, akamwambia neno moja tu: "Dada, mtoto asome." Hakutaja nyumba wala vyombo. Kengele akaapa, na kiapo kile alikimaanisha. Kadogo akahamia kwake, akawa anamwita Mama mkubwa nyumbani na Mwalimu shuleni, wala hakuwahi kuchanganya. Mpango ulikuwa mmoja. Afaulu mtihani wa mwisho wa msingi, aende sekondari, siku moja awe muuguzi kama wale waliomhudumia mama yake. Mpango huo aliutamka Kadogo mwenyewe siku ya msiba, katikati ya watu wazima waliokuwa wanalia, na kila mtu pale aliuchukua kama deni lake. Wengi waliusahau wiki iliyofuata. Kengele hakuusahau.

Halafu vikaja vishikwambi.

Vililetwa na wafadhili fulani, kompyuta ndogo bapa za kugusa kwa kidole, katika makasha ya plastiki yenye sponji ndani, vikapigwa picha kuliko watoto. Aliyevipokea kwa roho yake yote alikuwa mwalimu kijana wa sayansi, ambaye walimwita Chaja kwa sababu alitembea na waya shingoni kama daktari. Chaja alizunguka darasa hadi darasa akiwabembeleza wakubwa zake wavijaribu. Wengi walimwambia kesho. Kengele, ambaye hakuwa mtu wa kukwepa ugomvi, alimwambia leo.

"Lete hicho kitu chako," alisema. "Lakini mimi namaliza somo langu kwanza."

Akamaliza. Siku ile somo lilikuwa sehemu. Akauliza nusu na theluthi ipi kubwa, darasa likaitikia nusu, matanki ya maji yakaitikia nusu, Chaja akiwa amesimama mlangoni anasikia. Kisha kila mtoto akapewa kishikwambi chake, akaulizwa swali lile lile, abonyeze mwenyewe: nusu, theluthi, au sijui. Darasa likawa kimya. Kengele hakuupenda ukimya ule. Ulimkera kama mgeni asiyebisha hodi.

Chaja aliangalia kile kikubwa cha mwalimu, kinachokusanya majibu, akakohoa.

"Mwalimu, hebu ona. Wengi wamebonyeza theluthi."

"Wengi akina nani?"

"Karibu wote wa nyuma. Na kuna waliosema hawajui. Hata..." Chaja alishusha sauti. "Hata Kadogo wako."

Kengele aliangua kicheko. "Mwanangu, swali hili nimewauliza sasa hivi, na wewe ulikuwa hapo hapo. Walijibu nini?"

"Nusu."

"Wote?"

"Sauti ilikuwa moja, Mwalimu."

"Haya. Basi kuna kitu hapa kina wazimu, na si watoto wangu."

Hapo ndipo angeweza kuinama, ajongelee dawati moja, amuulize mtoto mmoja kwa sauti ya kawaida. Hakuinama. Mtu akishaitwa Kengele miaka yote, kuinama kunamwia vigumu. Badala yake, siku ile ile, alilipeleka suala hilo kwenye kikao cha walimu, na huko aliwachekesha mpaka wengine wakafuta machozi. Akamwigiza Chaja na waya wake. Akasema hicho kidubwana kinadai watoto wake hawajui sehemu. "Watoto wangu! Njooni msikie wenyewe." Akawatoa ofisini wote, akawasimamisha chini ya madirisha, akaingia darasani na kuuliza. Darasa halikumwangusha. Walimu wakapiga makofi pale nje, na mwalimu mkuu, mtu mpenda amani, hasa ile isiyomtoa kitini, akaamua vishikwambi vipumzike stoo mpaka vifanyiwe uchunguzi. Uchunguzi wa nani, hakusema. Chaja alisimama uso umemshuka, akiuviringa waya wake. Hakumaliza mwaka. Aliaga kwa adabu, akaacha ualimu kabisa.

Jioni ya kikao kile kaka yake Kengele, fundi cherehani, yule ambaye Kadogo humwita Mjomba, alipita kuwasalimu. Kengele akaisimulia upya hadithi yote, na safari hii akaongeza chumvi. Mjomba alicheka mpaka akapaliwa. Kadogo, aliyekuwa anamimina chai, naye akacheka.

Ingekuwa ni mambo ya haki, hadithi ingeishia kwa Kengele kuaibika siku ya pili yake. Lakini ushindi wa aina ile hudumu. Aliula kwa muda mrefu. Walimu wa shule nyingine walikuja kumwomba ushauri, naye akawapa: mtoto hafundishwi na kioo, mtoto hufundishwa na mdomo wa mwalimu. Haambiliki, hasemezeki. Na huku Kengele anapanda na darasa lake mwaka hadi mwaka, Kadogo naye anapanda nalo.

Kilichomtoa kwenye kiti hicho cha ushindi ni cheo. Nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi ilikuwa inanukia, na masharti mapya yalitaka shahada. Kengele akajiandikisha chuo, masomo ya likizo, akakaa kwenye madawati ya watu wenye umri wa Kadogo wa kesho, magoti yanamuuma. Ilipofika zamu ya kuchagua utafiti hakufikiri mara mbili. Angethibitisha kwa maandishi kwamba vishikwambi ni upuuzi.

Mhadhiri aliyemsimamia alikuwa mwanamke wa sauti ya chini, asiyebishana na mtu. Ubaya wa watu wa aina hiyo ni kwamba huwezi kuwashinda.

"Sawa," alisema. "Thibitisha. Lakini ili ujue kifaa kinaharibu nini, si lazima ujue kwanza watoto wanajua nini bila kifaa?"

"Hilo liko wazi, Dokta. Unawauliza."

"Unawaulizaje?"

Kengele akamweleza, kiganja sikioni. Mhadhiri hakucheka. Akamwambia aende shule yoyote isiyo yake, asikilize darasa likijibu, kisha amtoe mtoto mmoja mmoja, akae naye kivulini, amuulize swali lile lile na amwombe aeleze kwa nini.

Alienda. Na hapa lazima niseme ukweli juu yake: alifurahia. Mwalimu wa shule ile alikuwa na darasa linalonguruma, karibu lishindane na la Kengele, na watoto wake walipotolewa mmoja mmoja walikauka. Waliangalia viatu. Waliangalia midomo ya Kengele, wakisubiri aanze neno ili walimalizie. Asipoanza, hakuna kitu. Kengele akaandika kurasa kwa kurasa jinsi mwenzake alivyojidanganya, na kalamu ilikimbia kwa raha. Kule kule akapita madarasa mawili yenye vishikwambi. La kwanza lilimpa alichokitaka: watoto wanacheza mbio za magari, mwalimu yuko nyuma na simu yake. Akacheka. La pili lilimharibia siku. Mwalimu wa kike, mdogo tu, aliuliza swali, watoto wakabonyeza, akatazama majibu, akafunga kile kifaa akakiweka kando. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye madawati matatu, akachuchumaa, akaanza kuongea na watoto wa hapo kwa sauti ambayo Kengele, aliyekaa nyuma, hakuisikia hata neno.

Alirudi na daftari limejaa na moyo una kokoto. Alijiambia ni uchovu. Lakini akaanza kusoma kwa njia nyingine, si kwa kutafuta silaha tena, na alivyozidi kusoma ndivyo alivyozidi kukosa usingizi. Kifaa kile hakikuwa kinafundisha mtu. Mbele ya mwalimu mvivu kilikuwa mdoli. Mbele ya mwalimu anayetaka kujua, kilimsemea mtoto asiyethubutu kunyoosha mkono. Hivyo aliandika, na mhadhiri akapiga mstari chini yake.

"Kazi nzuri," alisema. "Sasa nenda kwako."

"Kwangu? Kwangu hakuna tatizo hilo."

Mhadhiri alimrudishia karatasi zake.

Alianza na aliye karibu. Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko, jikoni, Kadogo anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa sasa darasa la mwisho, mtihani uko mlangoni. Kengele alivuta kigoda, akakaa mbele yake, akajaribu kuongea kama mtu anayepiga soga.

"Mwanangu, nusu na theluthi, ipi kubwa?"

Kadogo aliinua macho. Kengele aliyaona yakishuka na kutua kwenye midomo yake, yakakaa hapo, yanasubiri. Yeye alikuwa ameyaona macho hayo kwa watoto wa mwalimu mwingine, akayaandikia ukurasa mzima.

Akaifumba midomo.

"Theluthi," Kadogo alisema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ina tatu. Nusu ina mbili."

"Lakini darasani unajibu nusu. Miaka yote. Nakusikia."

"Darasani unaanza wewe, Mama mkubwa. Ukisema nu, sisi tunasema su. Wa mbele wanadaka, wa nyuma tunafuata." Alisema hivyo bila haya, kama mtu anayeeleza namna ya kuwasha jiko. "Mbona kila mtu anajua hivyo?"

Kila mtu. Kengele aliinamia ungo, akaokota jiwe lililokwisha okotwa.

"Na siku ya vile vishikwambi," aliuliza, na sauti ilimtoka ndogo, "ulikosea kubonyeza?"

Kadogo aliweka ungo chini.

"Sikukosea. Nilibonyeza sijui. Niliona pameandikwa sijui, nikasema afadhali. Darasani hakuna pa kusema sijui. Nikajua leo Mama mkubwa ataona, jioni ataniuliza, atanieleza polepole." Alijifuta vidole kwenye gauni. "Nikakusubiri. Akaja Mjomba, ukamwambia kina wazimu. Basi nami nikacheka."

Kengele hakulia mbele ya mtoto. Alitoka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo, akalia huko uso ameuzika kwenye shuka lenye majimaji. Alilia kwa aibu, si kwa huruma, na hilo lenyewe likamuumiza zaidi. Mdogo wake alimwomba jambo moja. Mtoto aliita kwa njia pekee aliyoipata, naye akamgeuza kichekesho cha ofisini.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu kabla kengele ya kweli haijalia.

"Naomba vishikwambi, Mkuu. Naomba leo."

Mwalimu mkuu alidhani ni utani. Alipoona si utani, alitoa ufunguo taratibu. Stoo ilikuwa inavuja. Makasha yalikuwa yamefunikwa na magodoro ya zamani na viti vilivyovunjika miguu, na vishikwambi vilikuwa vimevimba migongo, vioo vimeinuka, vingine vimeota kutu pale waya unapoingia. Hakikuwaka hata kimoja.

"Kengele, wewe ndiye uliyesema vina wazimu," alisema mwalimu mkuu, na hakusema kwa ubaya. "Mimi niliwaambia wafadhili kwamba walimu wangu wazoefu wamevikataa. Hawakurudi tena."

Kengele alimpigia Chaja simu. Alitaka kumwomba radhi, na pia, tuseme yote, alitaka msaada. Chaja alimsalimia shikamoo kwa heshima zote, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe siku nyingi, Mwalimu," alisema. "Lakini mimi siku hizi nauza bima. Huku nikisema jambo, wateja wanaingia ofisini kulitazama, hawaishii mlangoni."

Ikabidi afanye kwa mikono. Alikata maboksi vipande, akampa kila mtoto kipande chake na chaki, akawaambia: hakuna kuitikia tena. Kila mtu aandike jibu lake, ainue, nione. Mawazo hayo aliyapata chuoni, na ni mazuri. Mwalimu yeyote anaweza kuyafanya bila umeme wala mfadhili. Uchungu ni huo huo: angeweza kuyafanya tangu zamani. Watoto waliinua vipande vyao huku wanachunguliana. Waliomezwa na sauti ya wenzao kwa miaka walianza kuonekana, mmoja hapa, mmoja pale, na walikuwa wengi kuliko wale aliowahi kuwasikia. Alichuchumaa mpaka magoti yakakataa. Wakamaliza nusu na theluthi, na nyuma ya nusu na theluthi palikuwa na shimo jingine, na jingine chini yake. Ofisini walianza kunong'ona kwamba Kengele amepoteza sauti, darasa lake limepoa, ni hayo masomo ya uzeeni. Mkaguzi alipita, akasimama mlangoni, hakusikia kitu, akaguna, akaendelea na safari ya chai.

Nyumbani alimshika Kadogo kila siku, baada ya chakula, kwa chungwa na kisu, kwa kamba, kwa maharage. Na Kadogo alielewa. Hilo ndilo lililomkata maini. Alielewa vizuri, kwa akili safi iliyotulia, kila alipoelezwa polepole. Kumbe hakuwa mzito. Alikuwa hajaulizwa. Lakini mtihani hausubiri mtu akusanye miaka yake.

Kadogo alifeli. Hakufeli kwa mbali, na watu waliokuja kumpa pole Kengele walilirudia hilo kama dawa: amekosa kidogo tu. Kengele aliwakaribisha, akawashukuru, akatamani kuwafukuza.

Utafiti wake, kwa upande mwingine, ulifaulu mno. Jopo la chuo lilisimama kumpongeza. Walisifu hasa sura ya tatu, ile ya mtoto wa nyumbani kwa mtafiti, asiyetajwa jina. Mmoja wao alisema hakuwahi kusoma kitu kilichomgusa hivyo. Kabla ya shahada yenyewe kuchapwa, barua ilikuja kutoka ofisi ya elimu. Wafadhili wapya walikuwa wanaleta vishikwambi vipya kwa shule zote za eneo lile, na nani mwingine wa kuwafundisha walimu kuvitumia? Si huyu, aliyevipinga na kisha akabadilika kwa elimu? Walimpa cheo kikubwa kuliko alichokiwinda. Mwalimu mkuu aliandaa soda na keki. Walimu wakapiga makofi yale yale.

Mjomba alikuja kumchukua Kadogo siku ya pili yake. Kiwanda chake cha kushona kilikuwa na nafasi ya mwanafunzi, na alisema hana watoto wa kurithi cherehani zake. Kadogo alikuwa chumbani, anakunja nguo. Kengele aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi kama mtu anayekwenda kuhojiwa kazi.

"Si lazima uende," alisema. "Unaweza kurudia darasa. Mwaka mmoja tu. Mwaka huu mambo ni tofauti kabisa. Vishikwambi vinakuja, kila mtoto atakuwa na chake, hakuna kuitikia, mtoto akikwama anaonekana hapo hapo. Utafaulu, mwanangu. Nakuambia utafaulu, na uuguzi utausoma."

Kadogo aliikunja sketi ya shule, akaisawazisha kwa kiganja. Ilionekana analifikiria jambo hilo kwa dhati, na Kengele akaanza kutumaini.

"Nitafundishwa na nani?" Kadogo aliuliza.

"Na mimi. Nimeiambia ofisi. Sitaliacha darasa hilo mpaka wewe upite."

Mtoto alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, wala kisasi. Kengele aliitafuta hasira hiyo, maana angejua la kuifanyia.

"Basi naenda kwa Mjomba," alisema Kadogo, akaiacha sketi pale kitandani, akafunga mkoba.